Mkopo wa Bodi kwa sisi tunaojisomesha wenyewe: review kuanzia fomu mpaka makato

Wadau habari za mda huu. Kila dirisha la mkopo likikaribia kufunguliwa simu yangu inajaa meseji za madogo waliomaliza form six, dada mkopo unatoka kweli, dada mi sina wazazi ila cheti cha kifo sina, dada mi najisomesha mwenyewe nitapewa asilimia ngapi. Nimechoka kutuma voisi zile zile kwahiyo naweka yote hapa, nikiulizwa natuma linki. Chukulieni ni review kama zile za simu tu, maana hii huduma nimeitumia mwanzo mwisho, nimeomba, nimepata, nimekula boom (hela ya chakula na malazi) miaka yote ya chuo na saivi nakatwa kwenye mshahara.

Kwa wavivu wa kusoma: hela ni ya kweli, inatoka, na bila hiyo mimi digrii ningeisikia kwa wenzangu. Ila huduma yenyewe imepangwa kwa mtoto mwenye nyumbani. Iwe nyumbani kwa wazazi maskini, iwe kwa mjomba, iwe kwenye kaya ya TASAF (ule mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini), mradi kuna mahali anapotokea na kuna mtu mzima wa kumjazia fomu. Ukiwa unajilea mwenyewe huku mzazi yupo hai ila hana habari na wewe, hapo unaanza kuona mapengo. Nyota tatu na nusu kati ya tano, na hiyo nusu nitaielezea huko chini.

Kwa mgeni kabisa, Bodi ninayoisema ni ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, HESLB, ilianzishwa kwa sheria ya 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Sio ufadhili, ni deni, utalirudisha. Kuna watu mpaka wanafika mwaka wa tatu bado wanaongea utafikiri wamepewa zawadi na serikali, alafu wakianza kukatwa wanalia mitandaoni.

Kabla ya karatasi, angalia kwanza kama unaruhusiwa kuomba, maana hapa ndo wanaojitafutia wenyewe wanaanguka bila kujua. Umri usizidi miaka 35, hiyo haina shida kwa wengi. Inayouma ni ya kwamba uwe umemaliza form six au stashahada ndani ya miaka mitano. Sasa fikiria mtu kamaliza, hana hata nauli ya kwenda kuripoti, anasema ngoja niende mjini nikachange kidogo, anauza duka la mtu, anaugua, mdogo wake naye anaingia sekondari anamlipia, akija kushtuka miaka imekata. Mwenye wazazi hajawahi kupata tatizo hili kwasababu yeye anaomba mwaka ule ule aliomaliza, baba kampeleka stationery. Nyingine ni kwamba usiwe na kipato cha ajira au mkataba rasmi, serikalini au kwa mtu binafsi. Naielewa mantiki yake, mwenye mshahara ajilipie. Lakini kuna watu wana mkataba wa kulinda geti, mshahara wa kulipia chumba na ugali, ukiuleta huo kama kigezo kwamba anajiweza unamwonea. Ushauri wangu kama umri wa cheti chako unaruhusu, omba mapema, hata kama hujui utaripoti na nini, mkopo ukishatoka akili ya kutafuta nauli itakuja yenyewe.

Haya karatasi. Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye mambo.

Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wale wasajili wa vizazi na vifo, unafanya mtandaoni, ni shilingi 3,000 kwa cheti. Ukiwa na vyeti vya vifo navyo vinahakikiwa hivo hivo. Ada ya kuomba mkopo wenyewe ni 30,000, unalipia kwa control number (namba ya malipo ya serikali) na hairudi, upate usipate. Najua kuna mtu ataona 30,000 ni ya soda, ila mi nilikuwa nalipwa kwa siku kwenye kibanda cha mama lishe Dodoma, hiyo hela nilianza kuiweka pembeni miezi kabla. Ongeza picha, kuprinti, kuskani, mhuri wa wakili, nauli ya kwenda kijijini kufata sahihi. Ukijumlisha vyote unakuta kuthibitisha kwamba huna hela kunataka hela. Bodi wangeweka msamaha wa ile 30,000 kwa yatima na kaya za TASAF ningewapa nyota ya nne papo hapo.

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, kijijini huko Singida, akazikwa siku ya pili kama watu wote wa kijijini wanavyozikwa, hakuna aliyewaza cheti. Miaka yote hiyo hakuna aliyekihitaji. Form six imeisha ndo nakuja kuambiwa bila cheti cha kifo mama yako kwenye mfumo yupo hai. Ikabidi nirudi kwa bibi tuanze moja, barua ya mtendaji wa kijiji, mashahidi, alafu ofisi ya mkuu wa wilaya ndo msajili wa RITA anapokaa. Bibi akaniambia tusichukue shahidi wa kuokoteza, akaenda kumwamsha mzee mmoja jirani, akavaa koti lake la kanisani na joto lote lile, tukapanda naye gari mpaka wilayani. Msajili akamuuliza mzee unauhakika gani huyu mama alifariki, mzee akajibu "kaburi nimechimba mimi, mwanangu". Yule baba wa ofisini akanyamaza kidogo akaanza kuandika. Na kiukweli pale wilayani walinihudumia vizuri, sina neno.

Kwahiyo mwenye mzazi aliyefariki kijijini bila cheti, inawezekana kabisa kusajili hata kama miaka imepita, ila sio kazi ya wiki moja na usisubiri dirisha lifunguliwe ndo uanze kutafuta mashahidi.

Sasa baba. Baba yangu yupo hai. Yuko wapi sijui, mara ya mwisho kusikia alikuwa machimboni. Hapa ndo nikaenda kukutana na kijana wa stationery, na hii naiandika kama ilivyokuwa:

"Baba yupo?"

"Yupo ila hayupo."

"Dada hapa kuna hai na kuna amefariki, nikuwekee ipi?"

"Yupo hai ila hatujui alipo."

"Basi hai. Anafanya kazi gani? Namba yake ya simu?"

Nilicheka nikakosa hata pa kuanzia. Na hiyo ndo nusu nyota yangu jamani. Yatima kamili ana njia yake, anapeleka vyeti viwili mambo yanaeleweka. Mwenye mzazi mmoja aliyefariki ana njia. Mwenye ulemavu, au mzazi wake ana ulemavu, kuna fomu inasainiwa na mganga mkuu. Kaya ya TASAF kuna namba ya kaya unaiandika. Aliyesomeshwa na mfadhili analeta barua ya mfadhili. Lakini mtoto aliyetelekezwa na mzazi aliye hai na mzima hana karatasi ya kuleta, maana nchi hii hakuna ofisi inayotoa cheti cha kutelekezwa. Na tupo wengi, nenda chuo chochote ukaulize hosteli za wasichana. Mtu ana baba mwenye nyumba tatu mjini ila baba huyo ana mke mwingine na ada hajawahi kutoa hata mia, kwenye fomu baba anaonekana mfanyabiashara. Wengine wanashauriana waandike tu amefariki, tafadhali usifanye hivyo, utatakiwa cheti, na ukighushi unaingia kwenye kesi ambayo mkopo hautakusaidia kuitoka.

Mi nilichofanya niliweka hai, kazi nikaandika haijulikani, alafu mtendaji akaniandikia barua akaeleza kwamba nimelelewa na bibi na baba hajulikani alipo, nikaiambatanisha pamoja na cheti cha mama. Sijui iliongeza uzito kiasi gani ila barua ya mtendaji haina gharama kubwa, iombe.

Kuhusu ufadhili wa sekondari msipuuze. Mfumo unaangalia ulisoma wapi. Kama ulisoma shule ya kulipia, hata kama ulilipiwa na kanisa au shirika fulani, bila barua unaonekana mtoto wa kishua tu kama wengine. Nina rafiki yangu masista walimchukua tangu form one wakamsomesha bure kabisa, siku anaenda kuomba mkopo sista aliyekuwa anashughulika na mambo yao keshahamishwa na ofisi haina kumbukumbu, alihangaika mno. Kwahiyo dada/kaka kama unafadhiliwa na uko form five saivi, barua yako iombe leo wakati wanaokujua bado wapo.

Tukija kwenye stationery, review ndani ya review. Mfumo wa kuomba uko mtandaoni, na mtu mwenye simu nzuri na bando anaweza kujaza mwenyewe kabisa, sio mgumu, lugha inaeleweka. Tatizo ni kuprinti, kupeleka fomu isainiwe na mdhamini, serikali ya mtaa na kamishna wa viapo, alafu kuskani na kuirudisha kwenye mfumo, hapo lazima utafute stationery. Siku za mwisho za dirisha stationery zinajaa kama stendi sikukuu ya Krismasi, mtandao unagoma na bei inapanda. Niliyotumia mimi sitasema ilipo. Huduma ya kujaza haikuwa mbaya, kijana ana kasi ya ajabu. Ila alifungua akaunti yangu kwa barua pepe ya kwake na namba ya simu ya kwake, mi nikaja kujua baadae nilipotaka kuingia kuangalia kama fomu imepokelewa, nikaambiwa nywila iko kwao na "huduma ya kufuatilia" ni elfu tano. Kila nikitaka kuangalia ni elfu tano. Nilipandisha sauti pale mpaka wateja wengine wakaanza kuulizia za kwao, ndo wakanipa. Kwa hiyo sheria namba moja, barua pepe yako, namba yako, nywila yako umeiandika kwenye daftari lako. Mtu wa stationery mwache aguse kibodi tu.

Na mdhamini chagua mtu anayepokea simu. Mimi alinidhamini mama lishe mwenyewe niliyekuwa namfanyia kazi, mama wa watu hana undugu na mimi hata kidogo, akatoa kitambulisho chake na picha, akasema we nenda kasome mi sahani nitaosha mwenyewe.

Majina yanatoka kwa awamu, wanaita batch. Batch ya kwanza jina likikosekana usianze kutapika nyongo kwenye makundi ya WhatsApp, subiri zinazofuata, na zikiisha zote kuna dirisha la rufaa na hilo lipo kweli, watu wanapata kwenye rufaa hasa waliokuwa na karatasi pungufu wakazileta. Ambacho kinachanganya watu ni asilimia. Mnatoka shule moja, maisha yale yale, mmoja anapata karibu kila kitu mwingine anapata chakula na malazi na kipande kidogo cha ada. Kuna tathmini ya uhitaji inafanyika kutokana na ulivyojaza na karatasi ulizoweka, ndo maana nimewapigia kelele za karatasi hapo juu aya zote zile. Ila ningependa mtu akipewa asilimia 40 ya ada aandikiwe na sababu, hata mistari miwili, ajue akate rufaa kwa lipi. Kwa mtu anayejitegemea mwenyewe ile 60 iliyobaki hana wa kumpigia simu.

Twende kwenye hela sasa, kitu mnachokipenda.

Mwanzo nilikuwa nasaini boom ya 510,000, hiyo ni ile 8,500 kwa siku mara siku 60. Baadae ikapandishwa ikawa 10,000 kwa siku kwahiyo 600,000. Juu yake kuna 200,000 ya vitabu na stationery kwa mwaka, na mkienda field, yaani mafunzo kwa vitendo, ni 10,000 kwa siku isiyozidi siku 56. Inaingia kwenye akaunti yako moja kwa moja, ila kwanza unasaini, na mambo ya kusaini saivi ni alama ya kidole, yamerahisishwa sana ukilinganisha na stori za kaka zetu waliokuwa wanapanga foleni za makaratasi kutwa nzima.

Elfu kumi kwa siku mtu wa nje anaona ni nyingi, mbona mwanafunzi anakula wali maharage wa 1,500. Sawa, ila hiyo hela inaitwa ya chakula na malazi. Hosteli za chuo hazitoshi karibu kila chuo, ukikosa unaenda mtaani, chumba cha kawaida 50,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita, hiyo ni 300,000 inaondoka siku ile ile boom imeingia. Umebaki na 300,000 ya siku 60. Toa godoro na ndoo kama ni mwaka wa kwanza. Toa kipande cha ada ambacho mkopo haukufika, maana programu nyingi za vyuo vya umma ada ni kama milioni moja mpaka moja na nusu kwa mwaka, ukipewa nusu ya ada ina maana kuna laki tano au zaidi ni ya kwako, na bila kulipa hufanyi UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Hapo ndo mtu anaanza kula mara moja kwa siku akiwa na boom mfukoni, na wenzake wanamcheka bahili.

Na kuna hela ambayo hakuna anayekwambia. Siku ya kuripoti, kabla boom haijaingia, chuo kinataka michango yake ya moja kwa moja. Bima ya NHIF ya mwanafunzi 50,400, ile ya TCU (tume ya vyuo vikuu) 20,000, kitambulisho, usajili, umoja wa wanafunzi, hela ya tahadhari, kila chuo kina vyake. Hizo mkopo haugusi. Na boom ya kwanza haiwezi kuingia hujasajiliwa, na hujasajiliwa kwasababu hujalipa. Mwenye nyumbani anampigia baba. Mimi nilienda na hela ya sahani zangu na bado ikapelea, afisa mikopo wa chuo chetu, dada mmoja mpole sana, ndo akanionesha pa kwenda kuomba nilipe kwa awamu. Kama uko kwenye hali hii usikae hosteli unalia, ofisi ya mshauri wa wanafunzi ipo kwa ajili hiyo, ingia.

Ila kitu ambacho mimi nakiona ndo kasoro kubwa kuliko zote, na sijawahi kusikia watu wakikiongelea, ni likizo. Boom inahesabu siku za masomo. Likizo ndefu hakuna boom. Na ni haki kwa hesabu zao, mwanafunzi kaenda nyumbani anakula kwao. Sasa sisi tusio na kwetu? Hosteli inafungwa, unatakiwa utoe begi, wenzako wanapiga picha na mabegi stendi, "home sweet home", wewe unatafuta nani ana geto unaweza kulala miezi mitatu bila kumchosha. Bibi alikuwa ameshahamia kwa mwanae mwingine, nikienda kule naenda kuongeza mdomo kwenye nyumba ambayo tayari haitoshi. Likizo ndo wakati niliopata njaa ya kweli, boom ikiwepo sijawahi kulala njaa hata kama nimekula mihogo. Wasichana wengi waliopotelea kwa wanaume wa ovyo walipotelea likizo, hilo nawaambia kama mtu aliyekaa nao. Bodi au vyuo wangekuwa na orodha tu ya wanafunzi wasio na pa kwenda, wawaachie vyumba wakae likizo hata kwa kufanya usafi au kazi za maktaba, isingewagharimu kitu kikubwa. Majengo yanakaa matupu!

Mimi kilichoniokoa ni kusuka. Niliweka kigoda nje ya geto la rafiki, twist, mabutu, kuunganisha, bei ya mwanafunzi, mpaka wake wa walimu wakawa wanakuja. Muhula ukianza naendelea jioni. Kipande changu cha ada mwaka wa pili na wa tatu kimetoka kwenye vichwa vya watu. Ila angalia, unajitafutia huku unasoma, na Bodi wanaendelea kukulipa kutokana na matokeo, usipovuka mwaka hela inasimama. Nina wenzangu walijikita sana kwenye biashara wakaja kudisco, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, wakabaki na deni bila cheti. Hakuna hasara mbaya kama hiyo.

Kuna watu wameniuliza njia zingine. Kama una ufaulu wa juu sana wa sayansi form six kuna Samia Scholarship tangu 2022/23, hiyo hulipi kabisa, ni ufadhili, ila ni ya wale wa juu kweli kweli. Kama umepita njia ya stashahada, tangu 2023/24 Bodi wanatoa mkopo mpaka kwa diploma kwenye fani za kipaumbele, afya, uhandisi, ualimu wa sayansi na nyinginezo, angalia mwongozo wa mwaka husika kozi yako ipo au haipo. Na wanaopenda kusema Kenya wametuzidi, bodi yao ya mikopo, HELB, ina riba ya asilimia 4, na tangu 2023 wakaleta mfumo wa kuwagawa wanafunzi kwenye makundi, wanaita bendi, kulingana na hali ya nyumbani, na kelele zake mnazisikia, watoto wa maskini wanajikuta kwenye bendi za wenye nazo. Kwahiyo kumpima mtu umaskini kwa fomu kunawasumbua na majirani.

Makato. Ukimaliza chuo una miezi 24 kabla hujaanza kudaiwa, alafu ukiajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Zamani ilikuwa 8, sheria ikabadilishwa 2016. Kwenye kila 500,000 ya mshahara wa msingi inaondoka 75,000, na inaondoka kabla hujaiona. Mshahara wa kwanza unauma, nisiwadanganye. Uliyejiajiri ni 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi, na hapa nina swali, msusi au bodaboda mwenye digrii anaitoa wapi laki kila mwezi bila kukosa, nadhani wengi wanajificha kwasababu hiyo tu na sio kwamba hawataki kulipa. Kizuri ni kwamba ile tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 kila mwaka imefutwa, Rais Samia alitangaza Mei Mosi 2021 pale Mwanza, na ile faini ya asilimia 10 ya kuchelewa nayo ikafutwa. Kabla ya hapo kaka zetu walikuwa wanakatwa mwaka mzima wakiangalia deni linasogea kidogo sana au halisogei. Saivi kuna asilimia 1 ya uendeshaji basi, ulichokopa ndo unacholipa. Mkopo wa aina hii benki hutaupata, wala kwenye zile aplikesheni za mikopo ya simu zinazopigia ndugu zako wote mpaka mchungaji.

Ndo maana pamoja na manung'uniko yote bado napendekeza, omba. Mimi sina uchungu na makato. Ninachokatwa nakijua kimeenda wapi, kimeenda kwenye wali, chumba, na vitabu nilivyofotokopi.

Kwa aliyeko form five au six saivi na anajijua hana mtu, kazi za kufanya kabla ya mtihani ni hizi, na usiseme nitafanya nikimaliza. Tafuta cheti cha kuzaliwa, na uangalie jina lililoandikwa kama linafanana herufi kwa herufi na la NECTA, baraza la mitihani. Kama kwenye cheti ni Mwanaidi na shuleni uliandikishwa Mwanahidi, anza na kiapo cha jina mapema, hiyo peke yake inaweza kukula mwezi. Sajili vifo ambavyo havijasajiliwa. Barua ya mfadhili kama yupo. Namba ya kaya TASAF kama bibi au mlezi wako yumo, kaulize kwa mtendaji hata kama bibi anasema hajui. Fungua barua pepe ya kwako. Na kila ukipata shilingi, ile 30,000 iweke kwenye simu kwenye kibubu usiiguse, maana control number haikopeshi.

Maswali wekeni hapo chini, nitajibu jioni nikitoka kazini. Wanaotaka niwajazie fomu samahani sijazi, mtajaza wenyewe.